Mdogo wangu kapigwa kiharusi, presha kawaida, sukari kawaida. Karatasi inasema CRP na D-daima ziko juu. Maana yake nini?

#1 FundiMkuu_Ilala
Wakuu, habari za wakati huu. Naomba wenye uelewa wanisaidie kusoma karatasi.

Mdogo wangu ana miaka 38, ni fundi friji. Hanywi, havuti. Wiki mbili zilizopita alikuwa anakaza nati ya bomba la gesi, spana ikamdondoka. Akadhani mkono una oili, akajifuta, akaiokota, ikadondoka tena. Mara ya tatu akataka kumwambia msaidizi wake amwokotee na neno "spana" likagoma kutoka. Anakuambia alikuwa analiona kabisa kichwani, ila mdomo unatoa "sa... sa...". Mdomo ukaenda upande.

Hospitali ya kwanza: presha 138 kwa 86, sukari safi, lehemu safi, HIV hana. Picha ya CT ya siku ile haikuonyesha kitu. Tukahamishiwa hospitali ya pili, wakapiga MRI, kweli ni kiharusi cha damu kuganda. Kwenye fomu ya kutoka wameandika chanzo hakijulikani.

Kinachonitisha ni vipimo vya damu. Hospitali ya kwanza CRP ilikuwa 4.1. Siku tatu baadaye, hospitali ya pili, ikawa 38! Imepanda mara tisa akiwa kitandani. ESR (kasi ya damu kutulia kwenye kichupa) 62. D-daima 2.6 wakati mwisho ni 0.5. Jirani yangu ni nesi mstaafu, anasema hiyo ni "inflamesheni" na ndiyo iliyoleta kiharusi. Ni kweli? Na inatibiwaje?

#2 JongooMtaratibu
Pole sana mkuu. Hapo kwenye D-daima nimecheka peke yangu kwenye daladala. Ni D-dimer. D-daima ni ahadi ya ndoa.

#3 FundiMkuu_Ilala
@Jongoo simu ndiyo imeandika hivyo. Tuache ibaki.

#4 TibaAsili_Orijino
Huo ni upepo mbaya. Kijana wa miaka 38 hapati kiharusi hivihivi. Alioga maji baridi usiku akiwa na joto la kazi? Nicheki PM nina dawa ya mizizi saba, siku 21 mkono unarudi.

#5 SistaZai
#4 mkono ukirudi kwa siku 21 utasema ni mizizi, kumbe wengi hurudi wenyewe miezi ya mwanzo, hasa wakifanya mazoezi ya viungo. Fundi, mfanyisheni mazoezi kila siku na msimwache alale bila kumgeuza. Alikuwa na mpira wa mkojo wodini?

#6 FundiMkuu_Ilala
Ndiyo, siku nne. Na alikuwa anakohoa kila akinywa maji.

#7 MaabaraUsiku
Mkuu kabla watu hawajaenda mbali, nisomee CRP ya kwanza na maneno madogo yaliyo pembeni ya namba. Imeandikwa mg/L au mg/dL?

#8 FundiMkuu_Ilala
Ya kwanza mg/dL. Ya pili mg/L. Kuna tofauti?

#9 MaabaraUsiku
Ipo, na kubwa. Desilita ni sehemu ya kumi ya lita. 4.1 kwa desilita ni 41 kwa lita. Kwa hiyo ndugu yako hakupanda kutoka 4 hadi 38, kashuka kutoka 41 hadi 38. Umekosa usingizi wiki nzima kwa sababu ya herufi moja. Hili naliona kila mwezi watu wakihama hospitali na karatasi zao.

Hata hiyo D-daima (nami nimeshaizoea), yaani mabaki ya bonge la damu linalovunjika, ina mtego wake. Kuna mashine zinazotoa jibu kwa kizio cha FEU, nyingine kwa kizio cha DDU, na FEU huwa karibu mara mbili ya DDU. Usilinganishe karatasi mbili bila kuangalia hilo.

Sasa CRP yenyewe. Inatengenezwa na ini, si ubongo. Mwili ukiumia au ukiingiliwa na wadudu, chembe za kinga zinatoa ujumbe unaoitwa IL-6, ini linaupokea na kuanza kumwaga CRP. Inaanza kupanda baada ya saa sita hivi, inafika kileleni kama siku ya pili. Kisababishi kikiisha, nusu yake inaondoka kila baada ya saa 19. Kwa hiyo mtu anayekohoa akinywa maji (huenda maji yanaingia njia ya hewa, ndiyo nimonia za wagonjwa wa kiharusi), mwenye mpira wa mkojo siku nne, na ubongo uliojeruhiwa juu yake, CRP ya 38 haishangazi. Ni filimbi ya sungusungu. Inakuambia kuna kitu mtaani, haikuambii nyumba gani.

#10 Mwl_KipindiChaNne
Naomba nichomekee. Neno inflamesheni lina Kiswahili chake: mchochota. Mkisema "uvimbe" mgonjwa anasikia saratani, mnamuua kwa neno. Mchochota upo kwenye kamusi.

#11 Kitunguu_Maji
Mwalimu, mchochota naujua kwa shangazi yangu anayechochea watu wagombane.

#12 Mwl_KipindiChaNne
Ndiyo maana hasa. Kinga ya mwili imechochewa. Shangazi yako ni mfano hai.

#13 MwanaUdaktari_Mwaka4
Nadhani #9 anapunguza mno. Mchochota si matokeo tu. Mafuta yaliyoganda ukutani mwa mshipa hupasuka kwa sababu chembe za kinga zinaula ule utando wake. Kuna utafiti wa JUPITER, 2008, waliwapa rosuvastatini (statini, dawa ya kushusha lehemu) watu wenye lehemu ya kawaida ila CRP ya 2 kwenda juu, viharusi vikapungua karibu nusu. Kwa hiyo CRP inaweza kutabiri, na ukiishusha unakinga. Ilivyogunduliwa hii CRP miaka ya 90 ilibadilisha kila kitu.

#14 Dkt_Asiyelala
Kijana, CRP iligunduliwa 1930, Taasisi ya Rockefeller, na Tillett na Francis, kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia. Herufi C ni ya polisakaridi C ya bakteria wa nimonia. Cha miaka ya 90 ni kile kipimo chepesi cha kusoma viwango vidogo. Na hapo ndipo unachanganya: hsCRP (jibu la kipimo hicho) ya 2 au 3 ya mtu mzima wa afya anayetembea barabarani ni habari nyingine kabisa na CRP ya 38 ya mtu aliye wodini. Ukipata zaidi ya 10, kanuni ni kutafuta maambukizi kwanza na kurudia kipimo baadaye, si kumkadiria hatari ya mishipa.

Halafu JUPITER haithibitishi unachotaka. Statini ilishusha CRP na lehemu pamoja, utajuaje ipi ilifanya kazi? Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha watu waliozaliwa na CRP ya juu hawaugui moyo zaidi ya wenzao. Wenye tofauti kwenye kipokezi cha IL-6 ndio wana nafuu. Kama kuna mhusika basi yuko juu ya CRP kwenye mnyororo.

#15 MwanaUdaktari_Mwaka4
Nimekubali 1930, asante daktari. Lakini kolchisini je? Ile dawa ya gauti ya bei poa. COLCOT 2019 ilipunguza viharusi kwa waliopata shambulio la moyo. Kwa nini ndugu wa Fundi asipewe nusu miligramu kwa siku?

#16 Dkt_Asiyelala
Kwa sababu waliijaribu kwa wagonjwa wa kiharusi wenyewe na haikutoa jibu tulilotaka. CONVINCE, 2024, watu 3,154: waliopata tukio tena ni 9.8% kwa kolchisini na 11.7% bila, tofauti ambayo kitakwimu inaweza kuwa bahati tu. Na CRP zao zilishuka kweli! CHANCE-3 ya China, mwaka huohuo, watu 8,343 wenye hsCRP ya 2 kwenda juu, ndani ya siku 90: 6.3% dhidi ya 6.5%. Sifuri.

Na tafadhali, mtu asisome hapa akaenda duka la dawa. Kolchisini na figo mbovu, au kolchisini na antibayotiki ya klarithromisini, unaweza kumzika mtu.

#17 MwanaUdaktari_Mwaka4
9.8 kwa 11.7 si sifuri, daktari. Wengine wanasema muda ulikuwa mfupi.

#18 Dkt_Asiyelala
Wengine wanasema. Endelea kusoma, utakuja kunifundisha.

#19 Mkulima_wa_Eldoret
Hamjambo watu wa bongo. Mimi jambo langu ni hilo neno "haijulikani". Mamangu aliugua 2019, akaandikiwa hivyo hivyo. Wiki ile mashine ya eko (utrasaundi ya moyo) ya hapo hospitalini ilikuwa imeharibika. Miezi minane baadaye akashikwa mara ya pili, tukampeleka kwingine, daktari akaweka eko kifuani, dakika kumi tu: vali ya moyo imebana kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Damu ilikuwa inagandia hapo ndani ikirushwa kichwani. Sasa anakunywa wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na kupima INR (damu inachukua muda gani kuganda) kila mwezi. Chanzo kilikuwa kinajulikana, ni vile hakuna mtu alikuwa ameangalia.

#20 Dkt_Asiyelala
Mkulima umesema jambo ambalo mfumo wenyewe wa kuainisha viharusi unalikubali. TOAST ya 1993 ina makundi matano, na la tano, "chanzo hakijabainika", lina watu wa aina tatu humo ndani: waliochunguzwa kila kitu kikakosekana, waliopatikana na vyanzo viwili ikashindikana kuchagua, na wale ambao hawakuchunguzwa vya kutosha. Huku kwetu wengi ni hao wa tatu. Mwaka 2014 wakatenga wale waliochunguzwa kweli na kiharusi chao kinaonekana ni bonge lililosafiri, wakawaita ESUS.

#21 Kitunguu_Maji
Mkulima mwambie mama aachane na wafarini, siku hizi kuna vidonge vipya havihitaji INR.

#22 SistaZai
Kitunguu unatembeza ushauri kama karanga. Mama mwenye vali ya aina hiyo hahamishwi hivyo. Utafiti wa INVICTUS, 2022, zaidi ya wagonjwa 4,500 wa moyo wa baridi yabisi, Waafrika wakiwemo: waliobaki kwenye wafarini na jamii yake walipona vizuri kuliko wa rivaroksabani, mojawapo ya hivyo vidonge vipya. Mkulima, mama aendelee na INR yake.

#23 Kitunguu_Maji
Nimenyamaza. Nilisikia redioni.

#24 MswahiliWaMuscat
Salaam kutoka Muscat. Binamu yangu huku ana miaka 61, kila kipimo safi. Wakamtia kidude chini ya ngozi ya kifua, kidogo kama kiberiti cha njiti kilichokatwa, kinasoma moyo usiku na mchana. Mwezi wa saba kikanasa mapigo yamevurugika dakika sita, usiku, yeye kalala hana habari. Ndiyo ikawa sababu. Msiamini ECG ya dakika moja.

#25 Dkt_Asiyelala
#24 ni sahihi. CRYSTAL AF, 2014: kwa kidude hicho mapigo yaliyovurugika yalinaswa kwa 12.4% ndani ya mwaka, kwa ufuatiliaji wa kawaida 2%. Miaka mitatu ikafika 30%. Ila kijana wa 38 uwezekano ni mdogo. Na dakika sita mwezi wa saba kama kweli ndizo zilizoleta kiharusi cha mwezi wa kwanza, wataalamu wenyewe wanabishana.

#26 Mpemba_Halisi
Basi si wampe tu dawa ya kulainisha damu, liishe? Iwe moyo iwe nini, bonge ni bonge.

#27 MwanaUdaktari_Mwaka4
Ilishajaribiwa. NAVIGATE ESUS, 2018, watu 7,213, rivaroksabani dhidi ya aspirini: viharusi vilirudi 5.1% kwa mwaka dhidi ya 4.8%, na damu kuvuja kukazidi maradufu. RE-SPECT ESUS na dabigatrani 2019 haikushinda. Wakasema labda tuchague kwa kipimo cha damu, wenye NT-proBNP zaidi ya 250 au dalili nyingine za chumba cha moyo kuchoka: ARCADIA, 2024, apiksabani dhidi ya aspirini, 4.4% na 4.4%. Hapa daktari atakubaliana nami.

#28 Dkt_Asiyelala
Nakubali na nimeinuka kitini.

Fundi, rudi. Maswali matatu. MRI ilionyesha sehemu ngapi, na upande gani? Wiki kabla ya kiharusi alikuwa na homa? VDRL, kile kipimo cha kaswende, walipima?

#29 FundiMkuu_Ilala
Nimeitafuta ripoti. Sehemu tatu ndogo: mbili kushoto, moja kulia nyuma.

Homa: mke wake anasema alikuwa na homa za jioni na jasho usiku kama wiki tatu. Kulikuwa na jino bovu lilivimba, aling'oa mtaani. Alinunua amoksilini duka la dawa, akaacha, akanunua tena. Kupungua kapungua, tulidhani kazi.

VDRL... naomba tuheshimiane. Imesoma positivu hafifu. Shemeji yenu amehamia chumba cha watoto.

#30 JongooMtaratibu
Uzi umeingia chumbani sasa. Nasogeza kiti.

#31 MaabaraUsiku
Jongoo tulia. Fundi, mwambie shemeji asihame bado. VDRL haimtafuti mdudu wa kaswende mwenyewe. Inatumia kadiolipini, mafuta yaliyotolewa kwenye moyo wa ng'ombe, kuona kama damu ina kinga inayoyashika. Malaria inaweza kuidanganya, magonjwa mengine ya kinga pia. Na kuna ugonjwa ambao mwili unatengeneza kinga dhidi ya mafuta hayohayo, damu ikawa inaganda ovyo, vijana wanapata viharusi na wanawake mimba zinatoka. Mtu wa namna hiyo VDRL yake husoma positivu na hajawahi kupata kaswende maishani. Apimwe TPHA, inayotafuta kinga dhidi ya mdudu wa kaswende mwenyewe. Kinga za fosfolipidi (ndizo hizo za mafuta) nazo zipimwe, na zikitoka positivu zirudiwe baada ya wiki 12, kwa sababu maambukizi ya muda yanaweza kuzipandisha.

#32 SistaZai
Na kama ni kaswende kweli, nayo hupiga mishipa ya ubongo na inatibika kwa penisilini. Ugonjwa ni ugonjwa, hata ukiwa wa zamani kabla ya ndoa.

#33 Dkt_Asiyelala
Sawa, ila nina jambo la haraka zaidi. Fundi, usisubiri kesho.

Homa wiki tatu, jasho, jino bovu, kupungua, CRP na ESR juu, mabonge pande zote mbili za ubongo. Mshipa mmoja wa shingo hauwezi kurusha kushoto na kulia nyuma kwa pamoja, kwa hiyo huenda chanzo kiko moyoni au kwenye damu yenyewe. Lazima mtu aondoe shaka ya wadudu walioota kwenye vali ya moyo. Anahitaji kutolewa damu ya kuotesha wadudu maabara, chupa zaidi ya moja, mikono tofauti, KABLA ya antibayotiki nyingine. Na eko. Ndiyo sababu #26 nilimkunjia uso: mwenye vali iliyooza ukimpa dawa nzito ya kulainisha damu, anaweza kuvujia ubongoni.

Sijasema ndicho alichonacho. Mimi nasoma simu, simshiki mgonjwa.

#34 Mzee_wa_Kigamboni
Na saratani je? D-daima mara tano ya kikomo, mtu anapungua. Trousseau, daktari wa Paris, aliwafundisha hilo 1865, kwamba damu inayoganda bila sababu inaweza kuwa saratani iliyojificha. Mwaka 1867 akafa nayo mwenyewe, ya tumbo, baada ya kujiona damu imeganda mshipani. Mke wangu tulimpoteza hivyo. Kiharusi kilikuja kwanza, kongosho tukaligundua wiki tano baadaye. Hakuna aliyepima tumbo, wote tulikuwa tunaangalia kichwa.

#35 SistaZai
Pole sana mzee wetu.

#36 Dkt_Asiyelala
Pole mzee. Ni hoja halali, D-daima ya juu na mabonge ya sehemu nyingi ni picha inayofahamika ya saratani. Ila D-daima hupanda pia kwa maambukizi, kwa kulala kitandani, na kwa kiharusi chenyewe. Utrasaundi ya tumbo na picha ya kifua hazimdhuru.

#37 MwanaUdaktari_Mwaka4
Kuna njia ya tano. Hakuna mdudu kwenye vali wala saratani, ni jino tu. Uingereza walichambua rekodi 2004, siku tatu za mwanzo baada ya maambukizi ya njia ya hewa hatari ya kiharusi ni mara tatu. Mchochota unaifanya damu iwe nzito kwa muda. Ongeza tundu dogo la moyoni ambalo robo ya watu wazima tunalo, bonge la mguuni linapita.

#38 MaabaraUsiku
Mara tatu ya kitu kidogo ni kitu kidogo. Nusu ya mtaa wangu ina meno mabovu.

#39 TibaAsili_Orijino
Mmeandika namba nyingi mgonjwa bado hasemi spana.

#40 Mwl_KipindiChaNne
Hapo, samahani, amewapata.

#41 FundiMkuu_Ilala
Wakuu samahani kwa ukimya, siku kumi na mbili. Tulirudi usiku uleule wa #33. Walitoa damu chupa tatu. Hakuna kilichoota, lakini daktari wa hapo anasema amoksilini ya dukani inaweza kuwa imeficha. Eko ya kifuani safi, ila hawajaridhika, wanataka ile ya kumeza mpira kooni, Jumanne. TPHA negativu. Kinga za fosfolipidi moja imesoma juu kidogo, kurudia baada ya wiki 12. Utrasaundi ya tumbo safi. CRP sasa 9, mg/L nimeangalia. ESR 55 imegoma. D-daima 1.9. Wamemwanzishia antibayotiki ya mshipa huku wakisubiri.

Jana kashika spana, kaitaja. Simu anaiita friji.

#42 Mpemba_Halisi
ESR huchelewa kushuka, si ndiyo @Maabara?

#43 MaabaraUsiku
Huchelewa wiki kadhaa. Lakini pia hukaa juu kama jambo halijaisha. Siwezi kukuchagulia.

#44 Dkt_Asiyelala
CRP kushuka kabla ya antibayotiki ya mshipa au baada?

#45 FundiMkuu_Ilala
Siku ya pili baada ya kuanza. Kabla yake hawakurudia.

#46 Dkt_Asiyelala
Ah.

#47 JongooMtaratibu
TPHA negativu. Shemeji karudi chumbani?

#48 FundiMkuu_Ilala
Karudi. Msamaha hajaomba. Jumanne jioni nitaweka majibu ya eko.

#49 MaabaraUsiku
Weka picha ya karatasi nzima, na yale maandishi madogo ya pembeni.